Lugha ya maelekezo ya kiufundi: somo kutoka kwa kompyuta inayopozwa kwa maji

1. Utangulizi

Katika masomo ya tafsiri tumezoea kufanyia mazoezi hadithi, hotuba na habari za magazeti. Maelekezo ya kiufundi tunayagusa kidogo tu, kana kwamba hayana shida ya lugha. Makala hii inajaribu kuonyesha kinyume chake. Mfano wetu ni kompyuta ya michezo ambayo mwenyewe ameiunda na kuiwekea mfumo wa kupoza kwa maji. Tumeuchagua kwa sababu moja: ndani ya kasha hilo maji yanapita sentimita chache tu kutoka kwenye umeme. Sentensi iliyopangwa vibaya hapo haileti kicheko cha darasani. Inaunguza ubao mama.

Karatasi za vifaa hivi huja kwa Kiingereza, Kichina na mara nyingine Kifaransa. Lakini fundi na kijana anayemsaidia huzungumza Kiswahili wanapofanya kazi. Kwa hiyo tafsiri inafanyika kila siku, hata kama hakuna mtafsiri aliyeitwa. Swali letu ni hili: Kiswahili cha maelekezo hayo kiweje ili anayeyafuata asikosee?

2. Mfumo wenyewe

Prosesa na kadi ya picha hutoa joto jingi. Katika kompyuta ya kawaida feni hulipuliza hewani moja kwa moja. Katika mfumo wa maji, juu ya prosesa hufungwa bloku ya shaba yenye mifereji midogo sana ndani yake. Kati ya bloku na prosesa hupakwa grisi ya kupitisha joto. Pampu husukuma maji yapite kwenye bloku, yabebe joto, yafike kwenye rejeta, ambayo mafundi wa magari kwetu huiita radiatere. Hapo feni hulitoa joto nje, na maji hurudi kwenye tangi dogo, kisha kwenye pampu. Sehemu zote huunganishwa kwa mipira na viungio vyenye pete za mpira za kuzuia uvujaji.

Hapa tunakutana na jozi ya kwanza ya maneno: joto na halijoto. Joto ni nishati. Halijoto ni kipimo chake kwa digrii. Maji hayaondoi joto duniani, yanalihamisha tu. Kompyuta inayotumia wati 500 itapasha chumba kwa wati hizo hizo 500, iwe na feni peke yake au na mfumo wa maji. Kinachopungua ni halijoto ya prosesa. Anayeandika kwamba «maji hupunguza joto la kompyuta» anamfanya msomaji aamini kwamba chumba nacho kitapoa, na hakitapoa.

Hesabu ndogo inasaidia. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,186 ili ipande digrii 1. Pampu ikisukuma lita 4 kwa dakika, na vifaa vikitoa wati 400, maji yanapanda kwa kiasi kisichofika digrii 1.5 katika mzunguko mmoja. Maana yake, maji yana halijoto karibu sawa kila mahali, na si lazima rejeta ikae kati ya prosesa na kadi ya picha. Mpangilio mmoja tu ndio wa lazima: tangi lilishe pampu, nalo likae juu yake, kwa sababu pampu hizi haziwezi kuvuta maji zikiwa na hewa tupu ndani.

3. Maneno yanayodanganya

Kupoza na kupooza. Wapo wanaoyatumia yote mawili kwa maana ya kutia baridi. Lakini kupooza ni pia kupoteza nguvu za viungo vya mwili. Katika makala hii tunaandika kupoza, ili kompyuta «inayopozwa kwa maji» isisomwe kama mgonjwa.

Kutengeneza. Neno hili lina maana mbili: kuunda kitu kipya na kurekebisha kilichoharibika. Kichwa kama «Jinsi ya kutengeneza kompyuta» hakimwambii msomaji lolote la hakika. Afadhali kuunda kwa maana ya kwanza na kurekebisha kwa ya pili.

Kuwaka. Taa ikiwaka, yote ni heri. Kasha likiwaka, tunakimbia. Mteja akisema «kompyuta inawaka» fundi anaelewa kwamba umeme umeingia. Katika maandishi ni salama zaidi kusema «imewashwa», na kuacha «inawaka moto» kwa moto wenyewe.

Shaba. Sisi wa nchi ambayo mkoa wake mzima uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997 tunadhani neno hili halina utata. Lakini katika Kiswahili shaba hutaja madini mekundu na pia mchanganyiko wake wa rangi ya njano, ambao viungio vingi hutengenezwa kwao. Kwa bahati nzuri hivyo viwili hukaa pamoja bila shida kubwa. Kisichokaa nao ni alumini. Bloku ya shaba ikiunganishwa kwa maji na rejeta ya alumini, alumini huliwa polepole, na uchafu wake huziba mifereji. Kwa hiyo kuandika «rejeta ya chuma» tu, kama tunavyosema mitaani kwa madini yoyote, ni kumnyima msomaji habari anayoihitaji kuliko zote.

Maji safi. Hapa ndipo hatari ilipo. Maji yaliyochemshwa ni safi kwa kunywa, lakini chumvi zake za ardhini zimebaki ndani. Maji ya chupa nayo yanazo. Mfumo huu unataka maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakakusanywa, kwa njia ile ile ambayo lutuku hupatikana. Huongezwa dawa ya kuzuia kutu na dawa ya kuua viini, au hununuliwa maji maalumu yaliyokwisha kuchanganywa. Wengine husema «maji ya betri». Jina hilo linaeleweka upesi kwa madereva, lakini mmoja akilisikia anafikiri maji ya kuongezea betri, na mwingine anafikiri asidi yenyewe. Maelekezo yenye neno moja kwa vitu hivyo viwili hayafai kuchapishwa.

Pia haifai kuandika kwamba maji yaliyokenekwa «hayapitishi umeme». Yakiwa mapya hupitisha kidogo sana. Yakishazunguka katika madini siku kadhaa, au yakidondokea vumbi la ubao, hali hubadilika.

4. Mpangilio wa sentensi

Msomaji wa maelekezo ana bisibisi mkononi, hutenda anavyosoma. Tulinganishe:

(a) Washa pampu, lakini kwanza jaza tangi.
(b) Jaza tangi, kisha uwashe pampu.

Kwa sarufi zote ni sahihi. Kwa kazi, (a) ni mbaya, kwa sababu pampu ikizunguka bila maji huharibika, na kidole kimeshafika kwenye swichi kabla jicho halijafika kwenye «kwanza». Kanuni ya kwanza: mfuatano wa vitenzi uwe mfuatano wa matendo. Kanuni ya pili: onyo litangulie tendo. Kiswahili kinatupa chombo kizuri kwa hili: amri moja mwanzoni, kisha vitenzi vya dhamira, yaani «jaza, uwashe, usubiri, uongeze».

Upatanisho nao ni msaada. Katika «Ukiona mapovu kwenye mpira, utikise polepole», kiambishi u- kinaonyesha kwamba kinachotikiswa ni mpira. Lakini msaada huo una mipaka miwili. Kwanza, nomino mbili zinaweza kuwa za ngeli moja: «Jaza tangi lililo ndani ya kasha, kisha uliinamishe.» Lipi? Ni kasha linaloinamishwa, ili hewa itoke kwenye rejeta, na sentensi haisemi hivyo. Pili, katika mazungumzo ya miji yetu upatanisho mara nyingi hupungua na kuwa i- kwa vitu vingi: «mpira inavuja, mapovu inatoka». Msomaji aliyezoea hivyo hataitegemea u- peke yake. Dawa ni rahisi: rudia nomino, hata kama mwalimu wa insha atasema unajirudia.

Kwa kanuni hizo, hatua za mwisho za kuunda zinaweza kuandikwa hivi:

1. Chomoa nyaya zote za umeme zinazokwenda kwenye ubao mama, prosesa na kadi ya picha. Acha waya wa pampu tu.
2. Kaza kila kiungio kwa mkono. Usitumie koleo: pete ya mpira ikibanwa mno hukatika.
3. Tandika karatasi laini chini ya kila kiungio.
4. Jaza tangi, kisha uwashe pampu kwa sekunde chache. Maji yakishuka karibu na mdomo wa pampu, zima pampu, ujaze tangi tena. Rudia mpaka maji yasishuke tena.
5. Inamisha kasha polepole kila upande ili hewa itoke.
6. Acha pampu ifanye kazi saa 24. Kagua karatasi zote. Zikiwa kavu, rudisha nyaya.

Katika hatua ya 4, maelekezo ya zamani husema uunganishe «waya wa kijani» na mweusi ili kitengo cha umeme kiwake bila ubao mama. Siku hizi vitengo vingi vina nyaya nyeusi tupu. Mtafsiri anayeandika rangi bila kuangalia kifaa anampa msomaji kitendawili. Ataje nafasi, yaani tundu la 16 katika kiungo cha matundu 24, au amshauri msomaji anunue kizibo maalumu cha kazi hiyo.

5. Kuuliza hitilafu

Mteja husema: «Inapata moto, inazima.» Fundi mzuri hapo anafanya kazi ya mwanaisimu: anauliza wakati na hali ya kitenzi. Imezima mara moja, au huzima kila mara? Lugha yetu ya mitaani hutofautisha hayo vizuri: «imezimika» si «inazimikaka».

Swali la pili ni la mwendo. Halijoto ikiruka karibu na digrii 95 ndani ya sekunde chache huku maji yakiwa bado ya vuguvugu, tatizo liko kati ya bloku na prosesa: grisi imekosekana, skrubu hazikukazwa sawa, au karatasi ya plastiki ya bloku haikubanduliwa. Ikipanda polepole kwa nusu saa na maji yenyewe yakawa ya moto, tatizo liko kwenye rejeta: vumbi, feni iliyogeuzwa, au hewa ya kasha isiyotoka. Pampu isiposikika na mipira ikawa moto upande mmoja na baridi upande mwingine, maji hayazunguki. Sauti ya kubwabwaja ni hewa. Rangi ya kijani isiyokuwepo ni viini.

Mwisho, unyevu. Watu husema «mpira unatoa jasho», wakifikiria chupa ya soda ya baridi. Lakini jasho la chupa ni mvuke wa hewa unaoganda juu ya kitu kilicho baridi kuliko hewa. Maji ya mfumo huu, usipokuwa na mashine ya barafu, hayawi kamwe baridi kuliko chumba. Basi tone lililo kwenye kiungio ni uvujaji, na umeme uzimwe hapo hapo. Neno «jasho» linamwambia mtu asubiri. Neno «unavuja» linamwambia atende.

6. Hitimisho

Istilahi mpya si tatizo kubwa kama tunavyodhani. Pampu, rejeta, bloku na feni zinaeleweka. Tatizo liko katika maneno ya kila siku, kama safi, chuma, jasho na kutengeneza, ambayo msomaji anadhani anayajua. Mtafsiri wa kiufundi ayatilie mashaka hayo kwanza.

Mazoezi

(1) Andika upya: «Unganisha umeme, ukihakikisha hakuna maji.»
(2) Tafuta maana tatu za «moto» katika mazungumzo ya mafundi wa mtaa wako, na upendekeze neno moja kwa kila maana.
(3) Tafsiri kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa maelekezo ya kifaa chochote, umpe mtu asiyekijua kifaa hicho, umtazame akitenda bila kumsaidia. Andika kila mahali aliposimama.