Safari ya Ndege kutoka Unguja hadi Pemba

Rubani haondoki mpaka ajue mambo mawili: umbali wa safari yake na muda utakaotumika. Kati ya Unguja na Pemba chini ni bahari. Ndege ikiishiwa mafuta huko, haina kiwanja cha kutua. Kwa hiyo hesabu hufanywa ndege ikiwa bado ardhini. Nasi tuifanye.

Umbali

Chukua ramani ya Tanzania. Tafuta mji wa Zanzibar, kisha mji wa Chake Chake. Viwanja vya ndege viko karibu na miji hiyo. Pima kwa rula, kwa mstari ulionyoka, kwani ndege hupita angani bila kuzunguka. Ikiwa sentimita 1 ya ramani ni sawa na kilomita 25, utapata sentimita 5 hivi.

5 × 25 = 125

Umbali ni kilomita 125 hivi.

Muda

Muda hupatikana kwa kugawa umbali kwa mwendokasi. Tuseme ndege ndogo inakwenda kilomita 250 kwa saa.

125 ÷ 250 = ½

Nusu saa ni dakika 30.

Upepo

Hewa ikisogea, huichukua ndege pamoja nayo, kama mkondo wa maji unavyouchukua mtumbwi. Majira ya kusi, upepo hutoka upande wa kusini, nao huisukuma ndege iendayo Pemba. Majira ya kaskazi, upepo hutoka kaskazini-mashariki na kuikabili ndege hiyo.

Tuseme upepo wa kilomita 50 kwa saa unavuma moja kwa moja kutoka Pemba kuelekea Unguja.

Kwenda Pemba: 250 − 50 = kilomita 200 kwa saa. Muda ni dakika 37½.
Kurudi Unguja: 250 + 50 = kilomita 300 kwa saa. Muda ni dakika 25.
Jumla: dakika 62½.

Pasipo upepo, kwenda na kurudi ni dakika 60. Je, umeona? Upepo haukurudisha wakati wote uliouchukua. Sababu ni kwamba ndege ilikaa muda mrefu zaidi ikikabiliwa na upepo kuliko ikisukumwa nao. Tena, muda mwingine hutumika katika kupaa na kutua. Ndiyo maana rubani mwangalifu hubeba mafuta ya safari pamoja na ya akiba.

Maswali

1. Kwa nini rubani hufanya hesabu kabla ya kuruka?
2. Ndege ikienda kilomita 500 kwa saa pasipo upepo, itafika Pemba kwa dakika ngapi?
3. Tuseme ndege hutumia lita 2 za mafuta kwa dakika. Itahitaji lita ngapi kwenda na kurudi pasipo upepo? Na penye upepo tuliousoma?
4. Pima mita 100 uwanjani. Tembea huku mwenzako akitazama saa. Kwa mwendo huo, ungetembea kilomita 125 kwa saa ngapi?