Kumzoeza Njiwa Mgeni

Njiwa wa kupeleka barua akiisha kuzoea tundu lake, hulirudia hata kutoka mbali. Ukimnunua mkubwa na kumfungulia, yamkini atamrudia aliyekuuzia, nawe fedha yako imepotea. Basi yafaa kununua makinda wa majuma 5 hivi, wajuao kula wenyewe lakini hawajapata kuruka nje. Wafungie siku 7 au zaidi. Kila uwapapo mtama, tikisa mkebe wapate kuujua mlio wake. Kisha waweke katika kizimba cha wavu juu ya tundu, wapaone mahali penyewe. Wafungulie jioni kabla ya kula, pasipo kuwashtua. Tikisa mkebe, nao watashuka. Njiwa wakubwa wabaki ndani wazae. Watoto wao ndio watakaokuwa wenyeji.