Afisa Mteule: Ni Afisa au Askari?

Waulize wenzako waliopita JKT kwa mujibu wa sheria, iwe Rwamkoma mkoani Mara au Bulombora Kigoma, nani alikuwa anaogopwa zaidi kambini. Wengi hawatamtaja kanali, watamtaja RSM. Cheo hicho kwa kawaida hushikwa na Afisa Mteule Daraja la Kwanza. Sasa je, huyu ni afisa kweli?

Tuanze na ngazi. Katika JWTZ askari hupanda kutoka koplo hadi sajenti, sajinitaji, Afisa Mteule Daraja la Pili, kisha Daraja la Kwanza. Juu yake yupo luteni usu, ambaye ana kamisheni ya Rais. Kwa hiyo kijana aliyetoka Monduli juzi tu anamzidi cheo mzee aliyekaa jeshini miaka ishirini. Lakini kijana mwenye akili humsikiliza mzee huyo.

Mpangilio huu ulianza katika meli za kivita za Uingereza. Mabwana wakubwa walipewa uongozi wa meli bila kuijua bahari, hivyo mabaharia na maseremala wenye ujuzi wakapewa hati maalumu ya mamlaka. Nenda Mwaloni Kirumba utaelewa haraka: mtumbwi ni wa tajiri, ila ziwa likichafuka usiku anayesikilizwa ni nahodha.

Nchi hazifanani. Kwa desturi ya Uingereza, afisa mteule hapigiwi saluti. Marekani anapigiwa, tena wana madaraja matano, na wengi wao ni mafundi na marubani wa helikopta.

Kwetu Afrika Mashariki kuna historia chungu kidogo. Neno letu "afande" linatokana na "efendi" la Kituruki. Katika jeshi la kikoloni la KAR, effendi kilikuwa cheo cha kati, juu ya sajenti na chini ya maafisa Wazungu. Mwaka 1959 Idi Amin alipokipata, hakukuwa na cha juu zaidi kwa Mwafrika mwenzake. Uhuru ulipokaribia, maafisa Waafrika walikuwa wa kuhesabu. Mwaka 1961 Amin na Shaban Opolot wakapewa kamisheni, wa kwanza Uganda. Miaka kumi baadaye Amin alipindua serikali, na Oktoba 1978 majeshi yake yakavamia Kagera, ng'ambo ya ziwa letu hili.

Tanganyika nayo ilionja. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito, leo Lugalo, waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa Waingereza. Septemba mwaka huohuo JWTZ ikaundwa upya.

Kwa hiyo afisa mteule ni askari aliyefika kilele cha ngazi yake kwa ujuzi. Cheo hicho ni heshima pale ambapo mwenye uwezo anaweza kuendelea juu. Wakoloni walikigeuza dari, na gharama yake tuliilipa sisi baada ya wao kuondoka.