Mtazamaji Ajue Nini, na Lini? Maswali Yenu Kuhusu Mwanzo wa Filamu ya Taharuki

Barua zenu huongezeka siku za kukabidhi kazi zinapokaribia, na hilo peke yake linanieleza mlivyopanga. Safari hii nimechagua zilizoniudhi na zilizonitia hofu. Aliyeuliza shoti ni nini, na aliyeuliza tofauti ya mwongozaji na mtayarishaji, warudi kwenye daftari zao za mwaka wa kwanza.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Tumepewa kazi ya kutengeneza dakika mbili za mwanzo wa filamu ya taharuki. Tumeamua kushuti usiku, muuaji avae jaketi lenye kofia asitambulike, na mtazamaji asijue kinachoendelea mpaka mwisho. Tatizo simu yetu gizani inatoa picha yenye chenga. Tufanyeje?

Marahaba. Barua kama hii zimetoka Dodoma, Mombasa, Arusha na Kisumu, zikitofautiana kwa rangi ya jaketi tu, kwa hiyo nazijibu pamoja.

Chenga ni tatizo dogo. Kihisi cha simu ni kidogo. Mwanga ukipungua, simu huikuza picha dhaifu iliyonayo, na uchafu wake unakuzwa pia. Tafuteni chanzo cha mwanga ndani ya picha yenyewe: taa ya mezani, dirisha la duka, friji iliyofunguliwa. Hapo swali mliloliuliza limekwisha. Tuje kwenye lile msiloliuliza.

Nani aliwaambia kuwa taharuki inaletwa na giza? Kila muhula naletewa korido nyeusi, viatu vinavyotembea, mtu asiye na uso na kisu kinachometameta. Wenye kazi hiyo wanadhani wamenitisha, kumbe nimechoka. Siwezi kumhofia mtu nisiyemjua, anayefuatwa na mtu nisiyemjua, kwa sababu nisiyoijua. Hofu ya filamu hizi inatokana na ujuzi: mtazamaji anajua jambo ambalo mhusika hajalijua, na hana namna ya kumwambia.

Alfred Hitchcock alimweleza hivyo François Truffaut katika mazungumzo yao ya mwaka 1962. Watu wamekaa mezani wanapiga soga, chini ya meza kuna bomu. Mtazamaji asipoambiwa, bomu linalipuka na anashtuka kwa sekunde chache. Akionyeshwa bomu mapema, pamoja na saa ukutani, soga ileile inamkausha koo kwa robo saa. Maneno ya mezani hayakubadilika. Kilichobadilika ni anachokijua aliyekaa kwenye kiti.

Tazameni Orson Welles alivyofungua Touch of Evil mwaka 1958. Mikono inatega saa ya bomu, bomu linawekwa kwenye buti la gari, tajiri na mwanamke wanaingia na kuondoka. Kamera inafuata mitaa ya mji wa mpakani kwa zaidi ya dakika tatu bila kukata. Maharusi wanatembea kwa miguu, mara gari liko karibu nao, mara limewapita. Hakuna anayekimbia wala kupiga kelele, nasi hatuna raha kwa sababu tuliiona ile saa ikitegwa.

Mkisema huo nao ni usiku, haya, tupande juani. Katika North by Northwest ya mwaka 1959, Cary Grant amesimama kando ya barabara katikati ya mashamba makavu, mchana kweupe, na ndege ya kunyunyizia dawa inamgeukia. Hitchcock alieleza kwamba alikuwa akiikwepa picha iliyokwisha kuchoka ya mtu anayesubiri kifo chini ya taa ya mtaani usiku. Ilikuwa imechoka wakati ule. Nanyi mnaniletea leo. Psycho ya mwaka 1960 nayo inaanza Ijumaa mchana, na mji, tarehe na saa vimeandikwa kwenye skrini. Mauaji ya kwanza hayaji mpaka dakika 40 zimepita. Kabla ya hapo mwanamke ameondoka na dola 40,000 ambazo si zake, amesimama kwenye taa za barabarani, na bosi wake anavuka mbele ya gari. Anamtabasamia, kisha anageuka kumtazama tena. Hamna tone la damu, na mikono ya mtazamaji imelowa jasho.

Sasa fikirieni nyumbani. Daladala, saa saba mchana, abiria wamebanana. Kijana anachomoa simu mfukoni mwa mtu, anaona konda anamtazama, anaitumbukiza kwenye kikapu cha msichana aliyekaa dirishani. Msichana anahesabu chenji, hana habari. Kijana anashuka. Nyuma ya gari mwenye simu anajipapasa, anaazima simu ya jirani na kuanza kubonyeza namba yake. Mtazamaji wa Dar es Salaam au Nairobi anajua neno moja tu likitamkwa humo ndani kitakachompata yule msichana. Hiyo ni filamu ya taharuki, nayo imepigwa juani kwa simu.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, chukueni karatasi na mchore safu tatu: muda, anachojua mtazamaji, anachojua mhusika. Safu ya pili na ya tatu zikilingana mpaka mwisho, mna filamu, lakini si ya taharuki.

Swali: Tumeambiwa tufanye utafiti. Tumeandika muhtasari wa filamu tano na kuwagawia wenzetu dodoso la "Unapenda filamu za taharuki?" Inatosha?

Hapana. Mmenakili hadithi za watu, kisha mkauliza swali ambalo jibu lake halibadilishi hata shoti moja.

Chagueni mianzo mitatu. Kila mmoja utazameni bila sauti, kisha usikilizeni bila picha, kisha vyote pamoja. Andikeni kila shoti imedumu sekunde ngapi, kamera iko wapi, na imeniongezea ujuzi gani. Rear Window ya mwaka 1954 inafaa sana. Kamera inapita uani kwa majirani, inaonyesha uso wenye jasho, kipimajoto, mguu uliofungwa plasta, kamera iliyovunjika, na picha ya ajali kwenye mashindano ya magari. Kabla mhusika hajafungua mdomo tumejua kazi yake, namna alivyoumia, na kwamba hawezi kuondoka pale dirishani. Msiniletee Hollywood peke yake. Tazameni Viva Riva! ya Djo Munga, iliyotengenezwa Kinshasa mwaka 2010, na Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ya mwaka 2012. Angalieni jiji linavyoingia kwenye hadithi tangu mapema.

Kuhusu watazamaji: waonyesheni watu watano michoro yenu bila maelezo, kisha waulizeni, "Unahofia nini kitatokea?" Wote wakijibu "sijui", rudini kwenye safu tatu.

Swali: Je, ni lazima mtu afe?

Hapana.

Swali: Rafiki yetu mwenye studio anasema sekunde kumi za wimbo wowote ni bure, na ukiuongeza kasi kidogo hakuna anayeweza kukushtaki. Ni kweli?

Ni uongo, na umezunguka vyuo vyote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 haina sekunde za bure, wala sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001. Kubadili kasi ya wimbo kunathibitisha tu kwamba ulijua unachofanya. Pateni idhini ya maandishi ya mwenye wimbo, au mwombeni mwenzenu anayepiga gitaa.

Jiulizeni pia kama muziki unahitajika. Touch of Evil ilipotolewa, studio iliweka majina ya waigizaji na muziki wa Henry Mancini juu ya ule mwanzo nilioutaja. Mwaka 1998 Walter Murch aliihariri upya kwa kufuata waraka wa kurasa 58 ambao Welles aliwaandikia wakubwa wa studio. Majina na muziki ule viliondolewa, zikabaki sauti za mtaani, muziki wa kwenye baa na redio za magari. Picha ni zilezile. Sikilizeni matoleo yote mawili kabla hamjaleta ngoma nzito zinazodunda tangu sekunde ya kwanza.

Swali: Sauti yetu imejaa upepo na bodaboda. Kuna programu ya kuisafisha?

Zipo, na zitaifanya sauti ya mwigizaji wenu isikike kama ametumbukia kisimani. Chukueni simu ya pili, muifiche karibu na kifua cha anayeongea, mpige kofi moja mbele ya kamera ili mhariri apate pa kulinganishia. Kila mahali rekodini dakika nzima ya sauti ya pale bila mtu kuongea. Na nendeni kukagua eneo siku ileile ya wiki na saa ileile mtakayopigia. Fundi wa kuchomelea mageti hafanyi kazi Jumapili, ndiyo maana Jumapili mlipaona pametulia.

Swali: Kuna jamaa anafundisha "rangi za Hollywood" kwa wiki moja na anakodisha kamera kubwa. Tuchange?

Msichange. Christopher Nolan alitengeneza Following, filamu yake ndefu ya kwanza iliyotoka mwaka 1998, kwa dola 6,000 hivi, akipiga mwishoni mwa wiki kwa muda wa karibu mwaka mzima, kwa sababu yeye na wenzake walikuwa na kazi zao. Walifanya mazoezi mengi kabla ya kuwasha kamera ili shoti ipatikane kwa mara moja au mbili, maana filamu ya milimita 16 ilikuwa ghali. Mazoezi hayakodishwi.

Mnachohitaji kwenye simu ni kidogo. Umeme wetu ni wa hetsi 50, kwa hiyo wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo baadhi ya taa zitapepesa kwenye picha. Fungeni mwanga na fokasi visibadilike katikati ya shoti. Msikuze picha kwa vidole. Sogeeni kwa miguu.

Swali: Tunataka kushuti mtu anakimbizwa sokoni akiitwa mwizi, akiwa na bastola ya bandia, kisha anakatiza relini. Tukienda haraka haraka bila kibali si tutakuwa tumemaliza kabla hatujaonekana?

Barua hii ilininyima usingizi, na haikuja peke yake.

Mkipiga kelele za "mwizi" Kariakoo au Gikomba, watakaomkamata mwenzenu hawatauliza kamera iko wapi. Bastola ya bandia kwa askari aliye mita 30 ni bastola. Kuhusu silaha halisi, msifikirie kabisa. Brandon Lee alikufa mwaka 1993 akiigiza The Crow, na Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu wa Rust, alipigwa risasi na kufa mwaka 2021. Hizo zilikuwa filamu zenye fedha na wataalamu wa kazi hiyo.

Reli ndiyo mbaya zaidi. Februari 2014, katika jimbo la Georgia, Marekani, kikundi cha filamu ya Midnight Rider kilipanda darajani kwenye reli bila ruhusa ya kampuni inayoimiliki. Treni ikaja. Sarah Jones, msaidizi wa kamera mwenye umri wa miaka 27, akafa, na mwongozaji akafungwa. Wao pia walidhani watawahi kumaliza.

Kibali si mapambo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya Tanzania ya mwaka 1976 inakitaka, na Kenya ina sheria yake, Sura ya 222. Anzeni na barua ya chuo, kisha ofisi inayohusika na filamu, kisha mwenye eneo, na mjumbe au mzee wa mtaa aambiwe. Mkishindwa kupata kibali, badilisheni tukio. Yule msichana wa kwenye daladala anaweza kupigwa ndani ya gari lililoegeshwa uani kwa mjomba, milango ikiwa imefungwa, abiria wote wakiwa wanafunzi wenzenu.

Swali: Tumepanga mandhari yote ya jioni kwenye ile "saa ya dhahabu" tuliyoisoma mtandaoni.

Aliyeiandika hakai hapa. Karibu na ikweta jua huzama upesi. Likishazama mnabakiwa na mwanga unaofaa kwa kama dakika 20 tu. Pangeni shoti mbili, si kumi na tano.

Swali: Majina ya watengenezaji yaanze kwanza kwenye skrini nyeusi, au vipi?

Mna dakika mbili, na mnataka kunionyesha weusi kwa sekunde 30? Katika Seven ya David Fincher ya mwaka 1995, majina yaliyobuniwa na Kyle Cooper yanakuja baada ya tukio la kwanza, na yanasimulia: mikono ya mtu tusiyemwona inakata, inaandika na kushona madaftari, tukajua adui amekuwa akijiandaa muda mrefu. Majina yasiposimulia, yawekeni juu ya picha inayosimulia.

Swali: Hakuna anayejua kuchora. Tunaweza kuacha storibodi?

Choreni vijiti. Hakuna anayewapa alama za uchoraji.

Swali: Mwisho tunaweza kuonyesha kumbe alikuwa anaota?

Hapana. Na msiniulize tena.

Swali: Tuna wiki tatu. Tuzigawe vipi?

Wiki mbili kamili kwa safu tatu, kukagua maeneo, vibali, michoro na mazoezi. Siku mbili za kupiga. Zinazobaki ni za kuhariri, na siku moja kati ya hizo rudini kupiga shoti mliyoisahau, maana itakuwepo. Kikundi kitakachokuja kwangu na kamera begani kabla ya karatasi ya safu tatu nitakirudisha mlangoni, hata kama kamera hiyo imekodishwa kwa ada ya muhula mzima.