Mashini ya Fotokopi Inajua Namna Gani Ukubwa wa Karatasi?



Kila mwaka, wakati wa kutayarisha dosie za Exetat, wengi wetu tunapanga mstari mbele ya mashini za fotokopi, wale wa Butembo kwenye Rue Président de la République, na wale wa Beni kwenye Boulevard Nyamwisi. Tunabeba bulletin, kitambulisho, barua za masomo. Fotokopi ikikata namba ya kadi ao nusu ya muhuri, dosie inarudishwa, na siku nzima imepotea pamoja na franka. Hapo watu wanasema tu, “Mashini imeharibika.” Mara nyingi mashini iko sawa kabisa. Imefanya kile ilichoweza kuona, nayo inaona kidogo sana kuliko tunavyofikiri.

Tuseme kwanza ni mashini gani. Zile ndogo zinazopokea A4 peke yake, nyingi hazipimi kitu: zinapiga A4 siku zote. Tunasema hapa juu ya zile kubwa za ofisi, zenye kioo kinachoenea A3 na akiba mbili ao tatu za karatasi chini. Ukiweka karatasi juu ya kioo, mashini yenyewe inachagua akiba gani ifunguliwe. Inachagua namna gani?

Chini ya kioo kuna macho machache. Kila jicho lina sehemu mbili: diodi inayotoa mwanga, na fotodiodi inayopokea mwanga. Mwanga wenyewe ni infraruji, ule usioonekana kwa macho yetu. Mwenye kutaka kuuona achukue rimoti ya televizyo, aielekeze kwa kamera ya mbele ya simu, abonyeze: kwa simu nyingi ataona nukta inawaka. Basi, kama karatasi imelala juu ya jicho, mwanga unaipiga na kurudi. Kama hakuna karatasi, mwanga unapita kioo na kupotea hewani. Jicho linajibu neno moja tu, ndiyo ao hapana. Halisomi jina lako, halijui kama hii ni diploma ao karatasi ya kufungia karanga.

Hapa kuna fumbo dogo. Kifuniko cha mashini ni cheupe kwa ndani. Kikifungwa chote, nacho kinarudisha mwanga, na macho yote yatasema ndiyo hata kama kioo ni kitupu. Kwa hiyo mashini nyingi zinapima wakati kifuniko kinashuka na kingali kimeinuka kidogo. Kuna swichi kwenye bawaba inayotoa alama: “Sasa, angalia!” Ndiyo maana mtu akiingiza mkono kusogeza karatasi wakati ule ule wa kufunga, mashini inapima mkono wake pia.

Tufanye hesabu. Chukueni late, mchore kioo cha milimetri 420 kwa 297. Kona ya nyuma mkono wa kushoto, pale penye mshale, ni sifuri. Tuweke macho matatu ya mfano. Jicho P liko milimetri 180 kuelekea kuume na 250 kuja mbele. Q liko 250 kuelekea kuume na 100 kuja mbele. R liko 380 kuelekea kuume na 100 kuja mbele.

A4 ina milimetri 210 kwa 297. Tukiiweka na upande mrefu ukija mbele, inafunika P, haifiki Q wala R. Tunaandika 1-0-0. Tukiigeuza ilale kwa urefu wa kioo, inafunika Q peke yake: 0-1-0. A3 inafunika yote: 1-1-1. Macho matatu tu, na tayari mashini inajua ukubwa na pia namna karatasi inavyolala. Inawezekana kwa sababu karatasi hizi ni jamaa moja. Wadachi waliziweka katika kanuni yao DIN 476 mwaka wa 1922: kila moja ni nusu ya ile inayotangulia, na urefu ukigawanywa kwa upana unatoa 1,414 siku zote, yaani kipeuo cha pili cha 2. Ndiyo ile 141% mnayoiona kwenye mashini kwa kukuza A4 iwe A3, na 71% kwa kupunguza. Macho hayahitaji kupima kila milimetri. Yanahitaji tu kujua ni nani katika jamaa.

Sasa tuone pahali macho yanapodanganywa. Karatasi ya Kimarekani, Letter, ina milimetri 216 kwa 279. Mkiipima kwenye mchoro wenu, inatoa 1-0-0 sawasawa na A4. Mashini itatoa A4, na kando moja ya maandiko, milimetri 6, inaweza kubaki nje. A5 iliyolala kwa urefu, milimetri 210 kwa 148, haifiki jicho lolote: 0-0-0. Kadi ya mchaguzi, ile ambayo watu wengi wanaionyesha kama kitambulisho, vilevile ni 0-0-0. Kwa mashini, kadi yako kwenye kona na kioo kitupu ni kitu kimoja! Ndiyo maana inauliza mtu achague karatasi mwenyewe. Na ukiweka kadi ile katikati, ikaangukia juu ya Q, mashini inasoma 0-1-0 na kusadiki kwamba umeleta A4 nzima. Si ujinga. Ni jibu la pekee linalowezekana kwa maneno matatu ya ndiyo na hapana.

Rangi nayo ina kazi. Wino mweusi wa chapa una kaboni, na kaboni inameza infraruji. Kitabu chenye jalada jeusi kinaweza kulala juu ya jicho, na jicho likasema hapana. Jua linafanya kinyume: lina infraruji nyingi, na likiingia kwenye kioo wakati kifuniko kiko wazi, jicho linaweza kufikiri mwanga wake umerudi. Watengenezaji walijibu kwa akili. Diodi inawaka na kuzima haraka sana, na mashini inahesabu tu mwanga unaofuata mapigo yale. Lakini jua kali likishiba ndani ya fotodiodi, mapigo hayaonekani tena. Sisi tuko karibu sana na ikweta, na mashini nyingi ziko barazani. Kuigeuza izipe mgongo barabara na jua ni dawa isiyolipiwa.

Kuna desturi moja tunayoilaumu, ile ya kupiga kadi kifuniko kikiwa wazi. Pale pasipo na karatasi mwanga haurudi, na pale mwanga usiporudi mashini inapaka weusi, kama haikuambiwa kufuta kando. A4 ina sentimetri mraba 624. Kadi ya ukubwa wa kadi ya benki inachukua 46. Zinabaki 578 za kupakwa. Ukurasa wa maandiko ya kawaida unahesabiwa kupakwa 5%, yaani sentimetri mraba 31. Gawanyeni: fotokopi moja ya namna hiyo inakula toner ya kurasa zaidi ya 18. Mwenye mashini analipa, kisha anapandisha bei.

Karatasi ikipitishwa kwa kinywa cha juu, kile kinachovuta zenyewe, kazi ni tofauti. Jicho moja linatosha kujua urefu, kwa kuhesabu muda. Karatasi ikienda milimetri 100 kwa sekunde na kufunika jicho sekunde 2,97, urefu ni milimetri 297. Na macho mawili sambamba yanaonyesha kama inaingia kombo. Tuseme yametengana milimetri 200, na la pili limeona karatasi sekunde 0,05 nyuma ya la kwanza. Kona ile imechelewa milimetri 5. Tangenti ni 5 kwa 200, yaani 0,025, na pembe ni karibu digrii 1,4. Mashini nyingine zinazuia karatasi kidogo kwenye rola mpaka ukingo wote unyooke, kisha zinaiachilia.

Mashini za siku hizi zenye skana zinaweza pia kusoma kioo kizima, kisha kutafuta ukingo kwa hesabu na kunyosha picha. Hizo zinaweza kuona hata kadi ndogo, ila lazima nyuma ya karatasi kuwe na rangi isiyofanana na karatasi. Karatasi nyeupe chini ya kifuniko cheupe, ukingo ni shida kuuona.

Zoezi kwa wa kalasi za juu: macho mawili yametengana milimetri 150, karatasi inakwenda milimetri 120 kwa sekunde, na jicho la pili linachelewa sekunde 0,04. Pembe ni ngapi? Na kwenye mchoro wa P, Q na R, wekeni jicho la nne S ambalo litatambua A5 iliyolala kwa urefu, lakini lisitambue kadi iliyo kwenye kona. Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa fizika mbele ya toleo lijalo.