Somo la 14: Mtoto Anayeshindwa na Masomo

Wazazi wengi wanaleta mtoto kwa munganga na kusema, "Huyu ni mvivu. Amerudia kalasi mara mbili, na kusoma hajui." Wengine wamekwisha kumpiga fimbo. Wengine wamempeleka kwa mfumu au kwa nabii, kwa sababu jirani wanasema ana ulozi. Somo hili lina neno moja la kushika: kabla ya kumhukumu mtoto, umpime.

1. Pima masikio. Mtoto ambaye masikio yake yanatoka usaha mara kwa mara pengine anasikia nusu tu ya maneno ya mwalimu. Simama hatua moja nyuma yake, asione midomo yako. Azibe sikio moja kwa kidole. Nong'ona maneno haya: kuku, maji, sita. Ayarudie. Fanya vile vile kwa sikio la pili. Akishindwa, mlete hospitalini.

2. Pima macho. Asome maneno ya ubaoni akiwa kwenye benchi la nyuma, kisha kwenye benchi la mbele. Kama anaweza mbele tu, yafaa macho yake yapimwe. Pengine miwani itatosha.

3. Angalia mwili. Mtoto mwenye njaa, au mwenye damu kidogo, hawezi kukaza akili. Tena kuna kifafa kisichoangusha mtu: mtoto anakodoa macho kwa muda mfupi, akiitwa hasikii, kisha anaendelea na kazi yake. Mwalimu anafikiri anaota ndoto, kumbe anahitaji dawa.

Umwulize mama: Je, mtoto alilia mara moja alipozaliwa? Alipata degedege wakati wa malaria? Aliugua homa ya uti wa mgongo? Alifikisha miezi 18 bila kutembea? Mtoto aliyechelewa katika mambo yote, yaani kukaa, kutembea, kusema na kuvaa, akili yake inakua polepole. Yeye pia anaweza kujifunza, lakini kwa mwendo wake. Sababu moja ni ukosefu wa iodini wakati wa mimba. Katika miaka ya 1960 waganga walikuta kisiwani Idjwi, katika ziwa Kivu, watu wengi wenye rovu, ndio uvimbe wa shingo unaotokana na ukosefu huo. Kwa hiyo kila nyumba itumie chumvi yenye iodini.

4. Angalia lugha. Mpe hesabu ileile kwa Kifaransa, kisha kwa lugha ya nyumbani. Akijibu vizuri kwa lugha ya nyumbani, akili yake ni nzima. Afundishwe Kifaransa kwa uvumilivu.

5. Kama hayo yote ni mazima. Kuna mtoto anayesikia, anayeona, anayesimulia hadithi vizuri, na kutumwa sokoni anarudisha pesa bila kukosea. Lakini herufi zinamshinda. Anasoma "dada" mahali pa "baba," anaruka silabi, na neno alilosoma asubuhi jioni halijui. Kwa mtoto anayeanza shule makosa haya ni ya kawaida. Lakini yakidumu zaidi ya miezi 6, ingawa anasaidiwa, na wenzake wa umri wake wamekwisha kuyaacha, pengine ana taabu inayoitwa disleksia. Haitoki kwa uvivu, wala kwa ulozi. Mara nyingi inafuata ukoo: baba au mjomba alipata taabu ileile. Mwaka 1896 munganga wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 mwenye akili nyingi ambaye hakuweza kusoma. Mwalimu wake aliona kwamba angalikuwa wa kwanza shuleni kama masomo yote yangalikuwa ya mdomo.

6. Namna ya kumsaidia. Akae mbele. Kila siku mfundishe kwa dakika 15, si zaidi. Aandike herufi moja mchangani kwa kidole huku akitaja sauti yake, kisha silabi: ba, be, bi, bo, bu. Asiongezwe nyingine mpaka ameshika hizo. Mwalimu amwulize maswali kwa mdomo pia. Msimcheke. Msifuni kwa kazi anayoiweza.

7. Msimwite mlozi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inamwadhibu anayefanya hivyo. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo analala barabarani, na huko hakuna atakayempima masikio.

Maulizo

1. Utapimaje masikio ya mtoto nyumbani?
2. Mtoto anasoma vizuri mbele, nyuma hawezi. Utafanya nini?
3. Mtoto mwenye disleksia anaweza mambo gani vizuri?
4. Katika mtaa wako, ni mtoto gani anayepigwa kwa ajili ya masomo na hajapimwa bado? Nenda ukaongee na wazazi wake kwa upole.