Uliona Wapi? Namna Tunavyobishana Juu ya Filamu Hapa Kamina

Usiku wa kwanza tulipokusanyika lupangoni kwangu tulikuwa watu tisa, na tulitaka kuanza na filamu nzito: "Lumumba" ya Raoul Peck, ya mwaka 2000. Hatukufika hata nusu. Tshombe alipotokea kwenye shuka tulilotundika, mmoja wetu akaguna, mwingine akamjibu, na baada ya dakika chache hakuna aliyekuwa akiangalia tena. Kamina si mji wa kugusa mambo ya mwaka 1960 hivi hivi. Huku kaskazini mwa Katanga ya zamani, Baluba wengi walimfuata Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat kuupinga utengano wa Katanga ulioongozwa na Tshombe. Kituo cha kijeshi walichokijenga Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiko palepale. Nyumba nyingi zina marehemu wa miaka ile. Marafiki zangu wawili waliondoka bila kuagana, na ilinichukua mwezi mzima kuwarudisha.

Ninakuandikia wewe uliye Kabongo, Bukama, Kolwezi au kwingine kokote, mwenye marafiki wanaopenda filamu na wanaopenda kubishana, unayetaka kuanzisha jioni kama zetu. Sisi tuko mwaka wa nne sasa.

Kubishana kwenyewe hakukuwa kosa. Kosa letu la usiku ule ni kwamba tulibishania mambo ambayo filamu ilikuwa haijatuonyesha. Huyu alikuwa akimjibu baba yake, yule akimjibu mwalimu wake wa historia, na Eriq Ebouaney, anayemwigiza Lumumba, alibaki akisema peke yake ukutani. Tulipokutana tena niliomba jambo moja tu: ukitoa neno, mwenzako ana haki ya kukuuliza "Uliona wapi?" na wewe utaje tukio. Kama hulikumbuki, tunarudisha nyuma, hata mara tatu.

Tukaiangalia tena yote. Safari hii wale wawili walishikana kwenye mwanzo wa filamu, pale Wazungu wawili wanapoiteketeza miili usiku. Mmoja alisema Peck ametuonea: ametutaka tulie kabla hajatueleza lolote, na kila kinachofuata kinakuwa matanga. Mwenzake akamwambia, "Yaya, Mkongomani gani hajui namna Lumumba alivyokufa? Kuificha hadi mwisho ndiyo ingekuwa uongo." Hapo nilijua kwamba jioni zetu zitadumu. Walikuwa wakali kama mwanzo, lakini sasa walikuwa wanakitazama kitu kimoja.

Mambo haya si mageni kwetu. Lukasa ya Baluba ni ubao unaoshikika mkononi, uliopambwa kwa shanga. Watu wa chama cha Mbudye, watunza kumbukumbu za ufalme, walipitisha vidole juu yake huku wakisimulia wafalme, safari na koo. Wasomaji wawili waliweza kuusoma ubao uleule na kutoa masimulizi tofauti, kutegemea nani ameketi mbele yao na siku hiyo kuna shughuli gani. Lakini kidole kilikuwa juu ya ushanga. Mimi nataka vivyo hivyo kwa filamu: simulia unavyoona, ila kidole kisitoke kwenye ubao.

Jambo la pili nililijifunza usiku wa "Makala", yaani mkaa. Hii ni filamu ya mwaka 2017 ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes. Watu wake wanasema Kiswahili chetu, kwa hiyo hatukuhitaji mtu wa kutusomea maandishi ya chini. Kabwita Kasongo anaangusha mti mkubwa, anaufukia na kuuchoma, anapakia magunia kwenye baiskeli, kisha anaisukuma kilomita 50 hivi mpaka Kolwezi kwenda kuuza. Basi. Hakuna bunduki, hakuna mapenzi ya kuvunjika. Wenye shule walianza kwa maneno makubwa: mazingira, umaskini, ukoloni wa kamera. Nilisikiliza nikaanza kusinzia.

Kwenye benchi la nyuma alikaa kijana aliyewahi kuisukuma baiskeli ya makala hapa Kamina kwa miaka sita. Alikuwa kimya. Tulipomuuliza, alisimama, akasogea mpaka kwenye shuka na kuweka mkono juu ya picha. "Ona mikono yake. Haiko mikono ya filme ile." Akatueleza kwa nini mzigo umefungwa vile, kwa nini fimbo inawekwa pale, kwa nini kwenye mteremko kuna hatari kuliko kwenye mlima, kwa sababu mlimani unachoka tu, lakini mteremkoni mzigo unakuvuta. Tulirudisha dakika kumi nzima tukaziangalia upya, na filamu ikawa nyingine. Pale kamera inapomfuata Kabwita kwa nyuma, muda mrefu, bila neno, mimi niliona uvivu wa mpiga picha. Yeye alisema hapo ndipo mahali pa mtu anayekusaidia kusukuma.

Tangu hapo, kabla ya kuchagua filamu ninajiuliza nani kati yetu anaijua kazi inayoonyeshwa, na huyo ndiye anayefungua mazungumzo. Kukiwa na treni, anaanza rafiki yetu wa reli, na hapa penye njia panda ya reli ya Lubumbashi, Kasai na kaskazini, watu wa reli hatuwakosi. Kukiwa na harusi, wanaanza akina mama.

Swali moja la "Makala" halijaisha mpaka leo. Lori linaiangusha baiskeli, magunia yanalala barabarani, na kamera inaendelea kupiga. Je, Gras angepaswa kuiweka chini na kusaidia? Dada mmoja, muuguzi, alisema angemfukuza mfanyakazi wa namna hiyo kwenye wodi yake. Yule kijana wa makala akasema hapana: miaka sita alipita barabarani na hakuna aliyemtazama, na angalau huyu alitazama. Mimi niko upande wa dada, na kila nikiiangalia ninayumba kidogo.

Wazee. Hapa ni lazima niseme wazi, maana ndipo jioni nyingi zinapofia. Kwetu, mzee akishasema, kijana hawezi kusimama na kumpinga, na hapaswi. Ukimwachia papa aanze, umefunga mlango. Sisi tunaanza na mdogo kuliko wote na kupanda juu, na mzee ndiye anayefunga, kama inavyomstahili. Heshima yake haipungui. Naona inazidi, kwa kuwa anafunga akiwa amesikia kila mtu. Na akitaka kumuuliza mtoto "uliona wapi?" anamuuliza, na mtoto anajibu, "Samahani papa, niliona pale."

Filamu ya zamani usiiweke peke yake. Tuliiangalia tena "La Vie est belle" ya mwaka 1987, ya Ngangura Mwezé na Benoît Lamy, wiki moja baada ya "Makala". Papa Wemba ni Kourou, kijana wa kijijini anayekwenda Kinshasa kuutafuta muziki wa umeme na kuishia kuwa mtumishi wa ndani. Mara ya kwanza, ilipokuwa peke yake, watu waliicheka na kwenda kulala. Ikiwa kando ya "Makala" iliamsha ugomvi mzuri: wote wawili wanaingia mjini na nguvu zao tu, mbona mmoja anapata mke na jukwaa na mwingine anaambulia pesa kidogo tu? Fundi redio akasema vichekesho vinamdanganya maskini. Mama anayetuuzia karanga alikataa: alitaja nguo, mitaa na ngoma za Kinshasa ya wakati ule, akasema hayo nayo ni ushahidi, na kwamba hata mwenye njaa hucheka.

Vifaa nitavipita haraka. Usitegemee kura, yaani umeme wa waya; sola na betri nzuri zinatosha projekta ndogo. Shuka jeupe livutwe pembe zote nne. Spika ndiyo ununue kwanza, kwa sababu picha hafifu inavumilika, sauti hafifu haivumiliki. Chagua mtu mmoja wa kutafsiri Kifaransa kwa sauti ya chini, wasiwe watatu. Anzeni mapema ili kina dada warudi nyumbani salama, na munkoyo ya kunywa iwepo.

Kanuni yangu ilipimwa kweli na "Augure" ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyopata tuzo ya Sauti Mpya katika Un Certain Regard kule Cannes mwaka 2023. Mtanzania akisikia "balozi" anamwona mtu wa serikali mwenye bendera kwenye gari. Kwetu balozi ni wachawi, na Baloji amelibeba neno hilo kama jina. Katika filamu yake Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mwenzi wake mzungu mwenye mimba. Anampakata mtoto wa dada yake, pua inatoka damu, damu inamdondokea mtoto, na familia inashikwa na hofu.

Lupangoni pakawa na kimya cha namna nyingine. Mmoja wetu aliwahi kuitwa mchawi utotoni na watu wa nyumba yake. Sikujua kama ninaweza kumuuliza mtu "uliona wapi?" usiku ule. Ni yeye aliyeomba turudishe nyuma. "Musimwangalie Koffi," alisema. "Angalieni nyuso za wengine." Tuliangalia. Akasema hakuna anayefurahi pale, wote wanaogopa, na kwamba kwa miaka yote alifikiri walimchukia.

Betri iliisha tukaendelea gizani. Ilipofika zamu ya mzee wetu kufunga, alikaa kimya muda mrefu, kisha akakataa: alisema hajaona vya kutosha. Jumamosi hii tunaiweka tena, kuanzia pale damu inapodondoka.